Sehemu ya Msomaji

Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alitoa pendekezo la namna ya kuzipa sura kurasa za wavuti. Kabla ya hapo ukurasa ulikuwa maandishi, vichwa na viungo. Rangi, ukubwa wa herufi na nafasi baina ya aya viliamuliwa na kivinjari. Waandishi walichoka kunyimwa kauli juu ya kazi zao wenyewe. Lie akaleta lugha ndogo ya maagizo, na ndani yake akaweka jambo ambalo hunisimamisha kila nikilirudia: agizo liliweza kubeba asilimia. Mwandishi angesema anataka kichwa cha habari kiwe cha ukubwa fulani, kisha aeleze anadai mamlaka kiasi gani juu ya jambo hilo: yote, au asilimia 40 tu, na kilichosalia waachiwe wengine, akiwemo msomaji.

Asilimia zile hazikufika mbali. Lugha hiyo, iliyokuja kuitwa CSS, ilipopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1996, Lie na mwenzake Bert Bos walikuwa wameshaweka utaratibu mwepesi zaidi wa kuamua agizo lipi lishinde jingine. Lakini msomaji hakufukuzwa barazani. Toleo la pili, la 1998, lilimwongezea nguvu: pale mwandishi na msomaji wote wawili wanapotia alama ya kusisitiza agizo, la msomaji ndilo linaloshinda. Sababu iliandikwa waziwazi. Kuna watu ambao bila herufi kubwa au rangi zinazoachana vizuri hawasomi kabisa, na haki yao ya kusoma ina uzito kuliko haki ya mbunifu kupendeza.

Nimeanzia huko kwa sababu mjadala ninaotaka kuuzungumzia huendeshwa kana kwamba msomaji hajawahi kuwepo. Kila kikundi cha watengenezaji wa tovuti hufika mahali pa kuulizana: tuandike mitindo yetu kwa mkono, mstari kwa mstari, au tuchukue fremuweki iliyokwisha andaliwa, Bootstrap au Tailwind, tumalize kazi? Hoja zinazofuata ni za watengenezaji wenyewe. Nani ataandika haraka, nani amezoea nini, mteja anataka lini. Ni hoja za kweli, wala sizidharau, kwa kuwa mshahara na usingizi wa watu vimo ndani yake. Ila mimi naamini swali hili haliwezi kujibiwa vizuri mpaka yule atakayeufungua ukurasa aingizwe kwenye hesabu, na kwamba akishaingizwa, jibu halitakuwa lile lile kwa kila ukurasa.

Fremuweki zinastahili kutendewa haki kwanza. Aliyeingia kwenye kazi hii miaka ya karibuni hajui CSS ilivyokuwa ikiwatesa watu. Lugha ilikuwa nzuri kwenye karatasi, vivinjari havikuelewana. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu upana wa kisanduku pamoja na nafasi yake ya ndani na mpaka wake. Kanuni ilitaka upana uhesabiwe kwa yaliyomo peke yake. Tofauti ya pikseli 20 ilitosha kuibwaga safu nzima chini ya nyenzake. Tena hakukuwa na chombo chochote kilichobuniwa kwa ajili ya kupanga safu. Watu walipanga kurasa kwa majedwali, jedwali ndani ya jedwali, na picha ya pikseli moja isiyoonekana ikitumika kusukuma vitu mahali pake. Baadaye wakahamia kwenye agizo lililokusudiwa picha ikae pembeni na maneno yaizunguke, wakalitwisha ujenzi wa ukurasa mzima. Kila fundi alikuwa na daftari lake la hila, na hila za mwaka mmoja ziliharibika mwaka uliofuata.

Hata hivyo ni katika miaka hiyo ya taabu ndipo uzuri wa lugha ulionekana. Mwaka 2003 Dave Shea alifungua CSS Zen Garden. Palikuwa na faili moja la HTML, maneno yale yale, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mbunifu alileta faili lake la CSS na picha zake tu. Ukurasa mmoja ukatoka kama bango la sinema, mwingine kama kitabu cha kale, mwingine kama bustani chini ya maji. Kilichonifundisha zaidi ya uzuri wenyewe ni kile kilichobaki ukiondoa mitindo yote: maandishi kamili, yenye vichwa, aya na orodha, yanayosomeka na mtu yeyote kwenye kifaa chochote. Sura ilikuwa nyongeza kwa msomaji, na ukurasa haukuitegemea ili uwe ukurasa.

Bootstrap ilizaliwa mahali tofauti kabisa. Mark Otto na Jacob Thornton walikuwa wafanyakazi wa Twitter, na ndani ya kampuni kulikuwa na zana nyingi za ndani, kila moja imejengwa kwa maktaba yake na mazoea yake. Kuzitunza kuligeuka mzigo. Wakakusanya vitufe, fomu, majedwali na gridi mahali pamoja ili kila mhandisi achukue kutoka ghala moja, na Agosti 2011 wakaiachia dunia bure. Toleo la pili, Januari 2012, liliuwezesha ukurasa kujirekebisha kulingana na upana wa skrini, wazo ambalo Ethan Marcotte alikuwa amelipa jina na maelezo Mei 2010. La tatu, Agosti 2013, likaanza kupanga kutoka simu kwenda kompyuta badala ya kinyume chake. Gridi yake ina safu 12, kwa sababu 12 hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6, na mpangilio karibu wowote wa ukurasa unaingia humo.

Tazama lakini ilivyoanza: yalikuwa makubaliano ya wahandisi wa kampuni moja kuhusu zana zao wenyewe. Mtu wa kwanza aliyefikiriwa alikuwa mwandishi wa msimbo. Hilo si kosa. Kwa kazi ile ndilo lililohitajika. Nalisema kwa sababu asili ya chombo hubaki ndani ya chombo, na aliyekibeba kwenda mahali pengine hubeba pia maamuzi yaliyofanywa kwa ajili ya watu asiowajua.

Huku kwetu Bootstrap iliwafungulia mlango watu wengi, na nitaitetea kwa hilo mbele ya yeyote. Mtu aliyejifunza PHP peke yake, kwa bando la usiku, anayejua hifadhidata lakini hajui kwa nini mstari mrefu unachosha macho, aliweza kutoa ukurasa wenye heshima. Fomu zilinyooka. Vitufe vilikuwa vikubwa vya kutosha kwa kidole gumba. Na kuna jambo ambalo wapenzi wa kuandika kwa mkono, nami nikiwa mmoja wao, hatulisemi vya kutosha: mara nyingi watunzaji wa Bootstrap wamemjali msomaji kuliko sisi. CSS nyingi za mkono huanza kwa kufuta ule mstari unaokizunguka kitufe kinapofikiwa kwa kibodi, kwa sababu mbunifu aliuona mbaya. Asiyeweza kutumia kipanya hubaki hajui yuko wapi kwenye ukurasa. Bootstrap haimtendi hivyo. Lebo za visoma-skrini zimewekwa kwenye mifano yake tangu zamani, na mtu anayenakili mfano hunakili na hisani hiyo bila kujua.

Watu hupenda kulifananisha jambo hili na nguo ya kushonesha na nguo ya dukani. Mfano huo haunitoshi. Nguo ya dukani mvaaji huijaribu mbele ya kioo, na isipomkaa huirudisha. Ukurasa msomaji hupewa kama ulivyo, na usipomkaa hana wa kumwambia. Huufunga tu. Kwa hiyo aliyechagua ndiye anayepaswa kujua vipimo vya mtu ambaye hatamwona.

Chukua tovuti ya chama cha akiba na mikopo, ya kawaida kabisa: utangulizi, aina za mikopo, masharti, fomu ya kujiunga, mawasiliano. Itasomwa kwa Kiswahili, karibu yote kwenye simu. Menyu ya Kiingereza ina maneno mafupi, na maswali ya kila siku hutajwa kwa herufi tatu. Ya kwetu ina "Huduma kwa Wanachama" na "Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara". Katika Bootstrap 3 menyu ya juu hukunjuka kamili kuanzia upana wa pikseli 768. Kwenye kompyuta kibao, vipengele vyetu virefu vitajaa mstari, vishuke mstari wa pili, na kama menyu imebandikwa juu ya skrini basi itafunika kichwa cha ukurasa. Kitufe nacho kiliamriwa maneno yake yasivunjike mstari. "Wasilisha maombi ya kujiunga na chama" hutoka nje ya skrini ya simu ndogo, na mwanachama mtarajiwa hulazimika kuusukuma ukurasa pembeni ili ajue anabonyeza nini.

Gridi yenyewe hufanya jambo kama hilo kimyakimya. Mtengenezaji akipanga safu tatu kwenye simu yenye upana wa pikseli 320, kila safu hupata pikseli 106 na ushei. Ondoa 30 za nafasi baina ya safu, zinabaki kama 77. Kwa herufi za ukubwa wa pikseli 14, hapo panaingia herufi kumi au kumi na moja hivi. Kiingereza kitapumua kidogo, kwa maneno yake mafupi mafupi. Kiswahili hubeba sentensi ndani ya kitenzi. "Tutakapowasiliana" ina herufi 17, na "hawakutuandikia" ina 15. Neno litaingia kwenye safu ya jirani au litakatwa mahali pasipokatika.

Hakuna hata moja kati ya haya lisilorekebishika. Ndiyo maana nayataja. Kila moja hurekebishwa kwa mistari miwili mitatu ya CSS, ila anayerekebisha lazima ajue CSS, na lazima awe ameufungua ukurasa kwenye simu ndogo akiwa na maneno halisi ya Kiswahili ndani yake. Aliyechukua fremuweki ili asijifunze CSS hafiki hapo. Huongeza agizo, halishindi. Huongeza alama ya kusisitiza, linashinda. Kesho agizo jingine halishindi hilo la jana, naye husisitiza tena. Baada ya mwaka faili lake ni ugomvi mtupu, na alama ile iliyompa msomaji uzito wa mwisho mwaka 1998 imegeuka nyundo ya mtengenezaji dhidi ya fremuweki aliyoichagua mwenyewe.

Kuna kifungu kingine cha Bootstrap 3 ambacho kwangu kinaeleza zaidi ya vyote. Toleo hilo liliweka maandishi ya ukurasa kwenye pikseli 14, kipimo kisichobadilika. Vivinjari vingi huwa na mpangilio ambamo mtu huchagua mwenyewe ukubwa wa herufi anaoutaka kila mahali. Mzee aliyeingia humo akachagua herufi kubwa alikuta kurasa za Bootstrap 3 zimempuuza. Alibaki na njia ya kukuza ukurasa mzima, picha na kila kitu. Toleo la nne, la Januari 2018, lilirekebisha hilo kwa kupima herufi kutokana na chaguo la msomaji. Nashukuru walirekebisha. Lakini kurasa zilizojengwa juu ya toleo la tatu bado zipo, nyingi, na waliozijenga wameshaondoka.

Uzito wa faili huzungumzwa sana, nami nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa si mahali penye hoja nzito kuliko zote. Faili kamili la mitindo la Bootstrap 5.3 linazidi kilobaiti 200 likiwa limeshaondolewa nafasi tupu, na hubanwa hadi kama 30 likisafiri. Picha moja ya mwenyekiti akikata utepe huweza kuwa na uzito mara kumi ya hapo. Tofauti ni kwamba picha huja baadaye, wakati mtu ameshaanza kusoma. Kivinjari hakichori chochote mpaka CSS ifike. Kwenye mtandao unaosuasua, zile sekunde za skrini nyeupe ni CSS inayosubiriwa. Na ile faraja ya zamani, kwamba msomaji huenda tayari anayo Bootstrap kwenye simu yake kutokana na tovuti nyingine iliyoichukua kwenye seva ile ile ya umma, imekwisha. Chrome ilianza kutenga akiba ya kila tovuti peke yake Oktoba 2020, kwa ajili ya faragha, na Safari ilikuwa imetangulia. Sasa kila tovuti huleta nakala yake upya.

Tailwind ni jambo jingine, na wanaoipinga kwa hoja za Bootstrap hawajaisoma. Adam Wathan, Mkanada, aliandika mwaka 2017 makala ndefu akieleza jinsi alivyokuwa akijitahidi kutenganisha maudhui na sura kama alivyofundishwa, na jinsi kila alipotenganisha CSS yake ilivyozidi kushikamana na muundo wa ukurasa. Kutoka hapo akafika kwenye klasi ndogondogo, kila moja ikifanya kazi moja tu: hii nafasi ya ndani, ile rangi, nyingine mviringo wa pembe. Tailwind ikatoka mwishoni mwa mwaka ule ule. Hutoi tena majina. Unapanga klasi ndani ya HTML yenyewe. Na kwa kuwa chombo chake husoma faili zako na kutoa zile klasi ulizotumia tu, CSS inayomfikia msomaji mara nyingi ni ndogo kuliko ile ambayo timu ingeiandika kwa mkono.

Wathan aliona ugonjwa wa kweli. Katika tovuti kubwa CSS ya mkono huongezeka tu. Hakuna anayethubutu kufuta kanuni, maana hajui ukurasa gani wa pembeni bado unaitegemea. Ndani ya timu ya watu ishirini wanaobadilika kila msimu, uwezo wa kufuta kipande cha ukurasa na mitindo yake ikafutika papo hapo ni nafuu kubwa. Nimesoma msimbo wa timu za namna hiyo kabla na baada, na nakiri ya pili ni rahisi kuingia.

Kinachonitia mashaka ni mahali pengine. Kwa kawaida Tailwind hudhani una hatua ya ujenzi, Node na vifurushi vyake, na kwamba kila kipande cha ukurasa kimeandikwa mara moja kama kijenzi. Tovuti ya chama chetu cha akiba na mikopo haina hayo. Ina mtu mmoja anayepandisha faili kwenye seva ya kukodi, na baada ya miaka mitatu, akitaka kubadilisha rangi, atakuta mnyororo wa vifurushi haukubali tena kufunga. Zaidi ya hapo, mwenye kujifunza kupitia klasi hizi hukosa kile ambacho CSS iliundwa kukifanya: kusema jambo moja kuhusu aya zote, halafu jambo moja kuhusu aya inayofuata kichwa, halafu kuacha mengine yarithiwe. Hujifunza kukivisha kila kitu peke yake. Akikutana na makala yaliyoandikwa na mhariri, HTML tupu isiyo na klasi hata moja, hukwama. Tailwind yenyewe ilibidi itoe nyongeza maalumu kwa ajili ya maandishi ya namna hiyo.

Wakati hayo yakiendelea, lugha nayo haikulala. Machi 2017, ndani ya mwezi mmoja, Firefox 52, Chrome 57 na Safari 10.1 zote zilipokea gridi ya CSS yenyewe. Kwa wanaojua jinsi vivinjari vilivyokuwa vikivutana miaka ya nyuma, mwezi ule ulikuwa wa ajabu. Baadaye vikaja vigeu vya kuhifadhi rangi na vipimo, uwezo wa kisanduku kujipanga kwa upana wa mahali kilipo badala ya upana wa skrini, uandishi wa kanuni ndani ya kanuni, na kufikia Desemba 2023 uwezo wa kukichagua kitu kutokana na kilichomo ndani yake ulikuwa umefika kwenye vivinjari vyote vikubwa. Karibu kila sababu iliyoifanya Bootstrap iwe ya lazima 2011 imejibiwa ndani ya lugha.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake naiona hoja yangu yote. Mstari huu:

grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(16rem, 1fr));

Unakiambia kivinjari kipange safu nyingi kadiri zitakavyoenea, isiwepo safu iliyo nyembamba kuliko rem 16, na nafasi inayobaki igawanywe sawa. Hakuna safu 12, hakuna klasi za simu, kompyuta kibao na kompyuta kubwa. Kwa kawaida rem moja ni pikseli 16, hivyo safu haitashuka chini ya pikseli 256. Kwenye simu ya 320 itakuwa moja, kwenye skrini pana zitakuwa nne au tano. Lakini rem hupimwa kutokana na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Yule mzee akiwa ameweka herufi za pikseli 24, rem 16 zinakuwa pikseli 384, na kwenye kompyuta yake safu zinapungua zenyewe, maneno yanapata nafasi, hakuna kinachogongana. Vizingiti vya Bootstrap vimepimwa kwa pikseli za skrini hata leo. Skrini ikifikia 768 safu zinagawanyika, herufi ziwe kubwa au ndogo. Kanuni moja inasikiliza kifaa, nyingine inasikiliza na aliyekishika.

Vivinjari sasa humwezesha msomaji kusema zaidi: kwamba mwendo wa vitu kwenye skrini unamtia kizunguzungu, kwamba anapendelea mandhari ya giza, kwamba anahitaji rangi ziachane zaidi. CSS huyasikia hayo kwa mistari michache. Fremuweki nzuri huyasikia pia, sehemu yake. Bootstrap hupunguza mwendo wa vitu vyake kwa anayeomba hivyo. Ila hakuna fremuweki inayojua kwamba ukurasa wako una jedwali la marejesho ya mkopo ambalo mtu atalisoma juani, akiwa amesimama, simu imepasuka kioo.

Swali la nani atabaki na ukurasa ndilo gumu kuliko yote, na hapa siwezi kuegemea upande mmoja. CSS ya mkono iliyoandikwa na mtu mmoja aliyeondoka ni fumbo. Bootstrap ina nyaraka, na kijana yeyote aliyetoka chuoni ameshaiona. Hiyo ni hoja kubwa mahali ambapo wafanyakazi hawakai. Lakini fremuweki nazo huzeeka, tena kwa ukali. Kutoka toleo la tatu kwenda la nne, paneli ziliondolewa zikaja kadi, na alama za picha zilizokuwa ndani yake zikatoweka. Kutoka la nne kwenda la tano, Mei 2021, jQuery iliachwa, na majina ya pambizo yaliyotaja kushoto na kulia yakawa ya mwanzo na mwisho wa mstari, ili ukurasa uweze kugeuzwa kwa Kiarabu na lugha nyingine zinazoandikwa kutoka kulia. Badiliko hilo la mwisho nalipenda. Tovuti inayowahudumia ndugu wa Zanzibar na wa Muscat kwa lugha mbili inalihitaji. Pamoja na hayo ilibidi maelfu ya kurasa ziandikwe upya au ziachwe. Zikaachwa. Bootstrap 3 haipati matunzo tangu 2019, wakati CSS iliyoandikwa kwa kanuni za 1996 bado inafunguka kwenye simu iliyotoka dukani leo. Vivinjari havifuti maagizo ya zamani. Hakuna ahadi nyingine ya namna hiyo ninayoijua katika kazi hii.

Basi mimi hufanya hivi. Mfumo wa ndani wa ofisi, wenye fomu arobaini na majedwali, unaotumiwa na watu wanaoweza kufundishwa na kumpigia mtu simu wakikwama, nautengeneza kwa Bootstrap bila kusitasita. Ni kazi iliyofanana na ile iliyoizaa. Bidhaa kubwa yenye timu na vijenzi, kama timu inataka Tailwind, sitapinga, ila nitaomba kila mmoja wao awe ameandika CSS tupu kabla. Ukurasa wa umma wa maneno, yaani gazeti, chama, zahanati, shule, naandika kwa mkono. Kurasa hizo ni chache aina zake, maisha yake ni marefu, na wasomaji wake hawana uchaguzi mwingine. Faili zima hufika mistari mia mbili au tatu. Huwa naliandikia maelezo kwa Kiswahili, juu ya kila sehemu, nikieleza sababu, kwa sababu atakayelirithi huenda akawa karani aliyepewa kazi hii juu ya kazi yake.

Wanaojifunza ndio wananihangaisha zaidi. Siku hizi wengi huanza kwa kumwomba roboti awaandikie ukurasa, na roboti huwapa Tailwind, kitufe cha zambarau, kadi tatu zenye kivuli. Ukurasa unapendeza na hakuna aliyeuamua. Ningependa kila anayeanza apewe makala marefu ya Kiswahili, HTML safi, na aambiwe ayafanye yasomeke kwenye simu bila kutia klasi hata moja. Achague urefu wa mstari, nafasi baina ya mistari, ukubwa wa vichwa. Abadilishe ukubwa wa herufi wa kivinjari aone kinachovunjika. Kisha apewe Bootstrap, na aambiwe afungue faili lake la msimbo kabla ya kuitumia.

Karibu na mwanzo kabisa atakuta agizo linalotaka upana wa kila kisanduku uhesabiwe pamoja na nafasi yake ya ndani na mpaka wake. Ni hesabu ile ile ya Internet Explorer 5, iliyoitwa kosa na kulaaniwa kwa miaka. Watu walipoendelea kujenga kurasa waligundua kuwa ndivyo wanavyofikiri, lugha ikaongezewa njia ya kuichagua, na Bootstrap ikaichukua kwa kila kitu kuanzia toleo la tatu. Mwanafunzi aliyekwisha kuhangaika na kisanduku kinachopitiliza ukingo wa simu atausoma mstari huo na kujua nani aliuhitaji. Aendelee hivyo mpaka chini ya faili, akiuliza kila agizo liliwekwa kwa ajili ya nani, na yale yasiyomfaa msomaji wake ayaache.